Majina ya Mawe ya Msasa

Siku walipokuja kutoa vitu vya karakana, mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mrija wa oksijeni puani, mtungi ubavuni. Mwenye nyumba alikuwa anataka chumba chake. Notisi aliitoa miezi mitatu kabla, kwa hiyo hatukuwa na wa kumlaumu. Wapagazi wawili walifanya kazi kwa bidii. Walitoa mashine, wakatoa meza, wakafika kwenye rafu ya trei.

Trei zilikuwa ishirini na mbili. Kila moja ilikuwa na mawe yaliyokwisha kusuguliwa, na kikaratasi chenye mwandiko wake: jina la jiwe, lilikochimbwa, na namna lilivyong'arishwa. Mpagazi mmoja aliangalia trei, akaangalia ngazi, kisha akaona ndoo tupu ya rangi pembeni. Akainua trei ya kwanza akaimimina ndani ya ndoo.

Mdogo wangu aliinua mkono. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele inataka pumzi, na yeye pumzi alikuwa anaazima. Mpagazi akauona ule mkono, akadhani anasalimiwa. Naye akapunga wake, akatabasamu, akamimina trei ya pili.

Mimi nilikuwa chini barabarani nikipanga vitu kwenye gari. Nilipopanda, trei zote zilikuwa tupu, zimepangwa vizuri moja juu ya nyingine, na ndoo imejaa mpaka ukingoni. Vikaratasi vimechanganyika humo humo kama majani ya chai.

"Tumekurahisishia, mama," yule mpagazi akaniambia.

Nikamshukuru. Nilikuwa sijaelewa bado.

Mtaani kila mtu alimwita mdogo wangu Msasa. Jina lilimpata tangu alipoanza kazi ya kukata na kung'arisha mawe ya vito, kwa sababu ya mikono yake. Ukipeana naye mkono ulihisi umesuguliwa. Mimi ni dada yake mkubwa. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali, mpaka nikastaafu. Najua shuka, najua madoa. Jiwe nililolijua ni la kusugulia visigino.

Msasa alisugua mawe makavu, bila maji. Alikuwa akisema jiwe likilowa linakudanganya, huoni mkwaruzo ulikobaki. Jioni alirudi nyumbani nyusi nyeupe, kope nyeupe, na sisi tukacheka kwamba anazeeka mchana, akioga anarudi kijana. Tulicheka hivyo miaka kumi na tisa. Halafu daktari akaweka picha ya kifua chake kwenye taa, akatuonyesha makovu yaliyojaa mapafuni. Yalionekana kama ukuta uliopigwa lipu na mtu mwenye haraka.

"Dawa ya kulitoa vumbi hili hakuna," daktari alisema. "Tutamsaidia kupumua."

"Mpaka lini?" Msasa akauliza.

Daktari alifungua kalamu, akaifunga. "Kadiri itakavyowezekana."

Msasa hakujaliwa mtoto. Alichokuwa nacho ni ahadi. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi aliwahi kuleta wanafunzi karakanani, akamwambia Msasa kwamba akiwapa sampuli za mawe yake, zenye majina na maelezo, wataziweka kwenye kabati la vioo mlangoni pa darasa, jina lake likiandikwa juu. Mwalimu aliyasema hayo akiwa amesimama, ufunguo wa gari mkononi. Lakini Msasa aliyashika. Mtu akishaambiwa kwamba muda wake umekwisha, kitu kidogo kinaweza kujaza chumba kizima.

"Dada, utayapanga wewe," aliniambia wiki ile ile ya kuhama.

"Mimi? Mimi siwezi kutofautisha jiwe na pipi."

"Utajifunza."

"Mwite fundi mwenzako."

Akanyanyua vidole vitatu. Akakunja kimoja: huyo alikwisha kufa. Akakunja cha pili: huyo naye. Cha tatu alikikunja polepole. "Huyu yuko kitandani kama mimi. Umebaki wewe."

Basi nikahamia kwao. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Wifi yangu, mkewe Msasa, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, na mimi alinitandikia godoro nyuma yake. Meza waliisogeza chumbani kwa mgonjwa, chini ya dirisha. Nikatandika shuka jeupe, nikaimwaga ndoo. Niliyahesabu mawe yote: mia sita na kumi na manne.

Kwa siku mbili niliyapanga kwa rangi. Mekundu huku, ya kijani kule, yenye mistari peke yake, ya maziwa peke yake. Sikuwahi kufanya kazi nzuri hivyo tangu nistaafu. Siku ya tatu nikayabeba kwenye ubao mpaka kitandani, nikasimama kama mtoto aliyeleta daftari.

Msasa aliangalia. Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika robo saa nzima. Alipotulia, machozi yakimtoka, alisema: "Dada, umepanga vifungo."

Sebuleni cherehani ilisimama. Wifi naye alikuwa anacheka.

"Rangi ndiyo mwongo wa kwanza," Msasa akaendelea, maneno machache kwa kila pumzi. "Mawe ni kama wakwe. Huwajui kwa nguo za siku ya kwanza."

Hapo ndipo masomo yalipoanza. Alinifundisha kuweka jiwe shavuni: la kweli ni baridi na linakawia kupata joto, plastiki inakuzoea upesi. Alinifundisha kushika lenzi karibu kabisa na jicho na kulileta jiwe, badala ya kuipeleka lenzi kwenye jiwe kama nilivyokuwa nikifanya. Ndani ya kioo utakuta viputo vya duara. Jiwe lililotiwa rangi, rangi imejazana kwenye nyufa. Akiki ina tabaka kama kitunguu kilichokatwa. Yaspi haipitishi mwanga hata uiwekee tochi mgongoni. Gaineti ni nzito mkononi kuliko macho yanavyotarajia.

Halafu kulikuwa na sindano ya chuma. Jiwe laini linachorwa na sindano. Jiwe gumu linaichakaza sindano, likabaki na mstari wa chuma unaofutika kwa kidole. Mara ya kwanza kuitumia nilichukua jiwe la kijani, zuri, lenye mawimbi kama ya maji yaliyotupiwa kitu. Nikakwaruza. Ukabaki mstari mweupe ambao haukufutika. Jiwe lile Msasa alikuwa amelisugua siku nzima.

"Nimeliharibu," nikasema.

"Ni nini hilo?"

"Malakaiti?"

"Malakaiti. Hutalisahau."

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wenyewe. Jiwe bichi lina ganda, lina udongo wa kwao, lina pembe zake. Mtaalamu akilishika linamwambia lilikotoka. Hili la kwetu limeshanyolewa, limeogeshwa, limevishwa suti. Ukitaka kulijua unalijeruhi, na ukilijeruhi umeifuta kazi ya fundi aliyelitengeneza. Nilijifunza kuchora ukingoni, chini, mahali pasipoonekana. Bado kila mstari niliuona.

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Nilimwekea jiwe kiganjani, yeye akalipitishia kidole gumba, akaligusisha jino, akataja. "Akiki." "Yaspi." "Feruzi, lakini imetiwa rangi." "Kioo hicho cha kujaribia mashine, tupa." Kumi kwa siku, siku nzuri kumi na tano. Mimi niliandika jina kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwa gundi tumboni mwa jiwe.

Mchana mmoja wifi alisimamisha cherehani, akaja mlangoni, akanifanyia ishara nimfuate. Tukasimama kwenye kijikorido, karibu na ndoo za maji.

"Wifi, sitaki unichukie," alisema.

"Sema tu."

"Leo ametaja mawe kumi na moja. Nimehesabu. Mimi tangu asubuhi ameniambia 'maji'. Jana aliniambia 'dirisha'." Alikuwa ameshika sentimita yake ya kupimia, akiizungusha kidoleni. "Daktari alisema asiongee sana. Pumzi anazotajia mawe ni pumzi za mume wangu. Anakupa wewe zote."

Nilitaka kumwambia kwamba mawe ni ya mumewe, si yangu. Lakini alikuwa na haki, na wote wawili tulilijua hilo.

Tukakubaliana hivi: Msasa asitaje tena. Nitataja mimi. Nikipatia, atanibana kidole. Nikikosea, mkono wake utulie. Tulipomweleza, alimtazama mkewe muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa.

Sasa ikabidi nijue kabla ya kuuliza. Kila asubuhi nilikaa dirishani na lenzi, sindano, tochi, bilauri ya maji. Vikaratasi ishirini na viwili nilivinyoosha kwa pasi na kuvipanga mbele yangu, maana majina yote yalikuwa humo. Tatizo lilikuwa kujua lipi ni la nani. Nilichagua mawe kumi, nikayachunguza mpaka macho yakaniuma, kisha nikayapeleka kitandani. Wiki ya kwanza nilipatia matatu katika kumi. Wiki ya pili manne. Nikawa nayaona mpaka kwenye sahani nikila.

Ikaja wiki ya mvua. Ilinyesha mfululizo, bati likipiga kelele kiasi kwamba hata Msasa angetaka kusema tusingemsikia. Siku ya kwanza ya mvua nilipatia saba. Kesho yake nane. Baadaye tisa, na siku iliyofuata kumi katika kumi. "Akiki?" Alibana. "Jiwe la mwezi?" Alibana. "Hii amethisto iliyopauka?" Alibana kwa nguvu.

Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo. Umri wangu wote nimefua uchafu wa watu wengine, na sasa nikawa mtu anayejua kitu. Nikaanza kufanya mawe ishirini kwa siku, thelathini. Gundi ikaisha, nikanunua nyingine. Mafungu yakajaa. Nilimwambia Msasa: "Mdogo wangu, nimeiva." Akabana.

Mvua ilikuwa imeisha kama siku nne hivi. Asubuhi nilikuwa namnawisha mikono kwenye beseni. Sabuni ilikuwa imekwisha, kimebaki kipande chembamba, cha kijani, chenye michirizi myeupe, laini kama kilichopita mikononi mwake mwenyewe. Nikacheka peke yangu. Nikataka na yeye acheke, kama alivyocheka siku ya vifungo. Nikakikausha, nikakiweka kiganjani mwake.

"Yaspi?" nikauliza, nikisubiri nyusi zipande.

Alibana.

Nikadhani ananitania. "Hebu angalia vizuri. Yaspi hii?"

Akabana tena, kwa nguvu zaidi, macho yamenielekea kwa upole kabisa. Sabuni ilianza kulowa kwenye jasho la kiganja chake.

"Almasi?" nikamwuliza.

Alibana.

"Wewe ni mkubwa wangu?"

Alibana.

Nikageuka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na taulo.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu wiki ya mvua." Sauti yake haikuwa na lawama. "Nikimuuliza ana njaa, anabana. Nikimuuliza ameshiba, anabana. Nilidhani unajua. Wewe ndiye wa hospitali."

"Mimi nilikuwa wa shuka, wifi. Mbona hukuniambia?"

Alikunja taulo mara mbili kabla ya kujibu. "Ulikuwa unaimba."

Nilirudi mezani nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na mawe karibu mia tano yenye majina tumboni. Ya mwanzo alikuwa ameyataja kwa kinywa chake. Baadhi aliyabana akiwa anajua. Mengine aliyabana akiwa hajui, au akiwa anajua lakini anataka tu nifurahi. Sikuwa nimeandika tarehe. Karatasi zote zilikuwa sawa, gundi ile ile, mwandiko wangu ule ule wa kujiamini. Nilijaribu kukumbuka lipi nililibandika lini, na nikaona mawe yote yananitazama kama watu kwenye foleni ambao kila mmoja anasema yeye ndiye wa kwanza.

Muuguzi wa kutembelea wagonjwa alipokuja kupima, alituambia hewa haifiki kichwani inavyotakiwa. "Kuna saa atakuwepo," alisema, "na kuna saa atakuwa mbali. Msimchoshe."

Nilijaribu kuzitafuta zile saa. Nilimpa kwanza malakaiti yenye mkwaruzo wangu, ambayo hata mimi nisingeweza kuikosea, nikaiita akiki. Mkono ukitulia, nitajua yupo. Siku tatu alibana. Siku ya nne mkono ulitulia, nami nikaruka kuchukua mawe mengine. Nilipogeuka nikakuta amelala tu. Siku ya tano nilipoiita akiki alinitazama, akakivuta kiganja chake akakificha chini ya shuka. Sikumpa jiwe tena.

Wanasema la kuvunda halina ubani. Mimi bado nilijaribu kulifukiza. Nilichagua mawe arobaini niliyoyaamini kuliko yote, nikayafunga moja moja kwenye vitambaa vya wifi, nikaenda chuoni.

Mwalimu alimkumbuka Msasa, au alijifanya kumkumbuka, akanipa kiti. Alikuwa mtu mwema; nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kumchukia. Alikuwa na chombo cha kupimia namna jiwe linavyopinda mwanga, na mizani ndogo. Alipima mawe yote arobaini mbele yangu bila haraka, akiyaweka kulia au kushoto. Nilijua maana ya kushoto kabla hajaniambia.

"Ishirini na moja umepatia," alisema. "Kwa mtu aliyejifunza miezi minne nyumbani, mama, si vibaya."

"Na kumi na tisa?"

"Hili umeliita feruzi, ni jiwe jeupe la kawaida lililotiwa rangi. Hizi yaspi tatu ni akiki. Hili..." Alilishika kwenye mwanga. "Hili ni kioo cha chupa. Zuri sana, lakini kioo."

"Ukinisaidia kurekebisha, tutaweza kuyaweka kwenye kabati?"

Alivua miwani. "Tatizo si majina tu. Jina naweza kulipima. Lakini hizi akiki zimetoka wapi? Unasema alikuwa na trei tano, za machimbo matano. Zikishachanganyika, hakuna chombo hapa cha kuzirudisha kwao. Jiwe lililosuguliwa lisilojulikana asili yake, kwa chuo ni pambo." Akaiweka miwani mezani. "Na kabati lenyewe, mama, liliwekwa vikombe vya mpira. Mkuu mpya ni mtu wa michezo."

Nilicheka. Sikukusudia. Yeye akadhani nalia, akasogeza bilauri ya maji.

"Tunaweza kuyachukua kwa matumizi mengine," akasema. "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunawapa bakuli la mawe mchanganyiko, wajaribu kuyatambua. Anayeanza anahitaji mawe ya kukosea. Haya yatafaa sana."

"Kwa jina lake?"

"Bakuli halina jina, mama."

Akanitoa kwa kupitia karakana yao. Kulikuwa na vijana saba au wanane kwenye mashine, vitambaa vimefungwa puani, na vumbi limesimama kwenye mwanga wa madirisha. Mmoja alinigeukia kunipa nafasi nipite. Kope zake zilikuwa nyeupe.

"Mnasugua kavu," nikamwambia mwalimu.

"Maji hapa yanakatika wiki baada ya wiki. Tumeandika barua."

Nikamwendea yule kijana. Nikamwambia nina mdogo wangu, nikamwambia miaka kumi na tisa, nikamwambia mtungi na mrija. Nilisema kwa sauti ya juu kwa sababu ya mashine. Alishusha kitambaa ili anisikilize kwa heshima, akavuta vumbi lile lote akiwa mdomo wazi, akasema, "Pole sana, mama. Ahsante, mama." Sikufika hata getini nikasikia mashine yake imeanza tena.

Niliporudi, Msasa alikuwa macho. Ilikuwa mojawapo ya zile saa alizokuwepo. Nilijua kwa namna alivyonifuata kwa macho tangu mlangoni. Alikusanya pumzi muda mrefu. Wifi alitaka kumzuia, lakini akaacha.

"Kabati?" akasema.

"La vioo," nikamjibu. "Mlangoni pa darasa, pale pale."

Akaendelea kunitazama. Sijui alichokiona. Alifumba macho, na mimi nikabaki nimesimama na vitambaa vitupu vya wifi mkononi, kwa sababu yale mawe arobaini nilikuwa nimeyaacha chuoni ndani ya bakuli.

Alikufa siku nane baadaye, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nimekwenda kubadilisha mtungi. Niliuburuza mpya kwenye kitoroli mpaka mlangoni, na kwa sababu cherehani ilikuwa kimya nikajua. Wifi alikuwa ameketi mwisho wa kitanda, ameshika mguu wa mumewe kwa mikono yote miwili.

"Amesema neno," aliniambia kabla sijafika.

"Amesema nini?"

"Sikulipata lote. 'Nde.' Halafu kama alitaka kuendelea. Nde..." Alijaribu kulitamka kama alivyolisikia, akichezesha midomo. "Kuna jiwe linaloanza hivyo?"

Nikapitisha kichwani majina yote ya vile vikaratasi. Halikuwemo. Lakini mikononi mwa Msasa yalipita mawe mengi ambayo hayakuwa kwenye ndoo, na fundi anakuwa na majina yake mwenyewe.

"Sijui, wifi."

"Umefundishwa miezi minne."

"Nimefundishwa ya kwenye ndoo tu. Na nusu yake nimekosea."

Akauangalia ule mguu. "Tulipokuwa wachumba aliniita ndege. Ndege wangu. Halafu tukaoana, ikawa mke wangu, ikawa wewe, ikawa maji." Akaufunika ule mguu kwa shuka. "Ni miaka mingi. Sitaki kujipa kitu kisicho changu. Kama ni jiwe, niambie ni jiwe."

Kama ningekuwa mwanafunzi mzuri zaidi ningemjibu pale pale. Nilikaa upande wa pili wa kitanda. Mtungi mpya ulikuwa bado mlangoni, haujafunguliwa.

Baada ya mazishi nilimaliza kupeleka mawe. Nilibandua karatasi zangu zote kwanza. Nililoweka mawe kwenye maji ya moto mpaka gundi ikalegea, nikayasugua kwa kidole, moja moja, ili mtu mwingine asije akayaamini majina yangu. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Mwalimu alinisaidia kumimina, na bakuli halikutosha, ikabidi alete sanduku.

"Mwalimu," nikamwuliza, "liko jiwe ambalo jina lake linaanza na 'nde'?"

Alifikiri. Akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye orodha nyuma, akakifunga. "Humu halimo. Lakini wachimbaji wana majina yao, mama. Kila shimo lina lugha yake. Linaweza kuwepo."

"Nani anaweza kujua?"

"Fundi wa zamani," alisema, kisha akaona alichosema, akaangalia pembeni.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Wifi alikuwa kwenye cherehani, anakata uzi kwa meno. Alikuwa amefungua madirisha yote, na meza ya chumbani ilikuwa imerudishwa sebuleni. Hakuinua uso, ila mguu wake ulisimama kwenye kanyagio.

"Nimeuliza," nikamwambia. "Hakuna jiwe la namna hiyo."

"Ameangalia vizuri?"

"Kitabu kizima."

Alitunga uzi kwenye sindano. Haukuingia mara ya kwanza, wala ya pili. Sikujua kama ameniamini. Alipofanikiwa, alinyoosha kitambaa chini ya sindano, akaniuliza ninaondoka lini kurudi kwangu.

"Kesho kutwa," nikasema.

"Kaa mpaka Ijumaa," akasema, na cherehani ikaanza.